Usanidi kama Sehemu ya Usanifu: Mgawanyo wa Modeli, Mwonekano na Kidhibiti katika Programu za Wavuti za Java

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna programu za wavuti zilizoandikwa kwa lugha ya Java zinavyosanifiwa na kusanidiwa kwa kutumia kiunzi kinachofuata mgawanyo wa Modeli, Mwonekano na Kidhibiti, ambao kwa ufupisho huitwa MVC. Kiunzi kinachochunguzwa zaidi ni Spring MVC, na pale inapobidi kinalinganishwa na Struts kilichokitangulia. Hoja kuu ni kwamba usanidi si kazi ya mwisho inayofanywa baada ya usanifu kukamilika, bali ni mahali ambapo mipaka iliyochorwa katika usanifu hutekelezwa au huvunjwa. Hoja hii inathibitishwa kwa kuchunguza maeneo matatu: uhai wa objekti na mipaka ya miamala, upokeaji wa data kutoka kwa mtumiaji, na maamuzi ambayo kiunzi huyafanya kwa niaba ya msanifu. Makala inahitimishwa kwa maswali ambayo mtahini anaweza kuyatumia katika kutathmini mradi wa aina hii.

1.0 Utangulizi

Katika ripoti nyingi za miradi ya uhandisi wa programu, sura ya usanifu hujaa michoro ya klasi na ya mtiririko wa data, ilhali mafaili ya usanidi huwekwa katika viambatisho au huachwa kabisa. Mpangilio huo humfanya msomaji aamini kwamba michoro ndiyo mfumo, na kwamba usanidi ni ufundi mdogo wa kuiwasha programu. Makala hii inapinga dhana hiyo. Programu mbili zinaweza kuwa na klasi zilezile na michoro ileile, lakini moja ikahifadhi malipo kwa ukamilifu na nyingine ikayahifadhi nusu, kwa sababu tu ya mstari mmoja wa usanidi.

Ili maelezo yasibaki katika nadharia, makala inatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: mfumo wa usajili wa chuo kikuu. Katika mfumo huo mwanafunzi hubadili anwani yake, hulipa ada na husoma matokeo. Mhasibu huthibitisha malipo. Na mwalimu huingiza alama. Klasi kuu ya modeli ni Mwanafunzi, yenye sifa za jina, namba ya usajili, anwani, salio la ada na hali ya usajili.

2.0 Chimbuko la mgawanyo na mabadiliko yake katika wavuti

Mgawanyo wa Modeli, Mwonekano na Kidhibiti ulibuniwa na Trygve Reenskaug, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Norwei, alipokuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California mwaka 1978 na 1979. Ulikusudiwa kwa programu za Smalltalk zinazoendeshwa katika kompyuta moja. Humo, mwonekano uliweza kuitazama modeli moja kwa moja na kujichora upya kila modeli ilipobadilika.

Wavuti haikuruhusu uhusiano huo. Katika itifaki ya HTTP, kivinjari hutuma ombi, seva hutoa jibu, kisha mawasiliano hayo yanakwisha. Modeli iliyoko kwenye seva haina njia ya kawaida ya kuuarifu ukurasa uliokwisha kutumwa kwamba data imebadilika. Kwa hiyo, mgawanyo ulipohamishiwa wavuti, mzigo mkubwa ulimwangukia kidhibiti. Yeyote anayeueleza MVC wa wavuti kwa mchoro wa Smalltalk anaeleza kitu kingine.

Katika mazingira ya Java, hatua ya kwanza ilikuwa servleti, yaani klasi inayopokea ombi na kuandika jibu. Baadaye zikaja kurasa za JSP, ambazo ziliruhusu msimbo wa Java kuchanganywa na lugha ya HTML. Wasanifu walitofautisha njia mbili za kuzitumia. Katika njia ya kwanza, kila ukurasa wa JSP ulipokea ombi, ulisoma hifadhidata na kuonyesha matokeo. Katika njia ya pili, servleti ilipokea ombi na kuamua la kufanya, na ukurasa wa JSP ulibaki na kazi ya kuonyesha tu. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyozaa viunzi vya MVC. Struts, kilichoanzishwa na Craig McClanahan mwaka 2000 na kukabidhiwa kwa Apache, kiliieneza sana. Spring kilitoa toleo lake la 1.0 mwezi Machi 2004, kikiwa na kiunzi chake cha MVC ndani yake.

3.0 Safari ya ombi moja

Ili kuelewa usanidi, yafaa kwanza kufuatilia ombi moja tangu linapoingia hadi linapotoka. Tuseme mwanafunzi amejaza fomu ya kubadili anwani na kubonyeza kitufe cha kutuma.

Ombi hupokelewa na kontena ya servleti, kwa mfano Tomcat. Kabla ya kufika kwenye kiunzi, hupita katika vichujio, ambavyo hukagua masuala ya jumla kama vile utambulisho wa mtumiaji. Kisha hufika kwa servleti moja ya mbele iitwayo DispatcherServlet. Servleti hii haijui lolote kuhusu wanafunzi wala ada. Kazi yake ni kuuliza: ni kidhibiti kipi kinachoshughulikia anwani hii ya wavuti na aina hii ya ombi? Ikishapata jibu, kiunzi husoma maandishi yaliyotumwa na fomu, huyageuza kuwa objekti za Java, huyahakiki, kisha huita mbinu husika ya kidhibiti. Kidhibiti huita tabaka la huduma, ambalo ndilo lenye kanuni za chuo. Mwisho, kidhibiti hurejesha jina la mwonekano, kitatuzi cha mwonekano hulitafutia kiolezo chake, na jibu hurudi kwa mwanafunzi.

Katika safari hiyo kuna vituo visivyopungua vitano ambavyo msanifu hakuviandikia msimbo wowote: kontena, vichujio, servleti ya mbele, ugeuzaji wa data na utafutaji wa mwonekano. Vyote hivyo huongozwa na usanidi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mwenendo wa programu huamuliwa mahali ambapo michoro ya klasi haifiki.

4.0 Mahali pa kuuweka usanidi

Usanidi katika programu za Java umepitia njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni mafaili ya XML. Katika Struts cha awali, uhusiano wa kila anwani na kitendo chake uliandikwa katika faili liitwalo struts-config.xml, na servleti zilisajiliwa katika web.xml. Faida yake ni kwamba ramani nzima ya programu ilionekana mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba jina la klasi lililokosewa herufi moja halikugunduliwa na kikusanyaji. Liligunduliwa programu ilipowashwa, au mtumiaji alipoufikia ukurasa huo.

Njia ya pili ni anotesheni, zilizoingia katika lugha ya Java kwa toleo la 5 mwaka 2004. Spring 2.5 ya mwaka 2007 iliruhusu klasi kutambulishwa kuwa kidhibiti kwa kuwekewa alama ya @Controller, na anwani yake kuandikwa juu ya mbinu inayoishughulikia. Usanidi ukasogea karibu na msimbo unaouhusu. Hata hivyo, ramani ya jumla ikatawanyika: ili kujua anwani zote za programu, msomaji sasa hulazimika kupitia klasi zote.

Njia ya tatu ni usanidi kwa msimbo wa Java wenyewe na, baadaye, usanidi wa kujiendesha. Servleti 3.0 ya mwaka 2009 iliondoa ulazima wa kuwa na faili la web.xml. Spring Boot, kilichotoa toleo la 1.0 mwezi Aprili 2014, kilikwenda mbali zaidi: hukagua maktaba zilizomo katika programu na kuamua chenyewe kipi cha kuwasha.

Uamuzi huo wa kiunzi huokoa muda, lakini una gharama yake. Tuseme mfumo wetu wa usajili una maktaba ya H2, ambayo ni hifadhidata ndogo iliyoongezwa kwa ajili ya majaribio, na mtaalamu akasahau kuandika anwani ya hifadhidata halisi ya chuo. Mtu angetarajia programu igome kuwaka. Spring Boot hakigomi. Huikuta H2, huunda hifadhidata ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na pale Hibernate inapotumika, majedwali nayo hutengenezwa. Wanafunzi wataingia, watajisajili na kuona majina yao kwenye skrini. Seva itakapozimwa na kuwashwa tena, usajili wote utakuwa umetoweka. Hakuna klasi iliyokosewa na hakuna mchoro uliopotoka. Dawa yake ni ya kiusanifu: maktaba ya majaribio iwekwe katika wigo wa majaribio pekee, na thamani zisizoweza kukosekana zitangazwe kuwa za lazima ili programu ishindwe mapema na kwa sauti.

5.0 Uhai wa objekti na mipaka ya miamala

Katika Spring, kidhibiti kwa kawaida huundwa mara moja tu na hutumiwa na maombi yote kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayezoea kuandika programu za mtumiaji mmoja anaweza kuweka sifa ndani ya kidhibiti, kwa mfano mwanafunziWaSasa, na kuijaza kila ombi linapofika. Anapojaribu akiwa peke yake, kila kitu huenda sawa. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, la pili huweza kuifuta thamani ya la kwanza, na mwanafunzi mmoja akaonyeshwa matokeo ya mwenzake. Kosa hili halionekani katika majaribio ya mtu mmoja. Kanuni ni kwamba kidhibiti kisihifadhi hali ya mtumiaji. Data ya ombi ipite katika vigezo vya mbinu, na ile inayopaswa kudumu ihifadhiwe katika kipindi cha mtumiaji au katika hifadhidata.

Mfano wa pili ni wa muundo wa kale wa Spring, ambao bado unaendesha mifumo mingi. Humo programu huwa na miktadha miwili: muktadha wa mizizi wenye huduma na hifadhidata, na muktadha wa wavuti wenye vidhibiti na mionekano. Muktadha wa wavuti huziona objekti za mizizi, lakini wa mizizi hauzioni za wavuti. Huu ndio mgawanyo wa MVC ulioandikwa kwa lugha ya usanidi, maana tabaka la huduma halipaswi kujua kwamba kuna wavuti.

Sasa tuseme msanifu ameagiza miktadha yote miwili ichunguze pakiti nzima ya programu ili kutafuta vijenzi. Kila huduma itaundwa mara mbili. Agizo la kusimamia miamala limewekwa katika muktadha wa mizizi, na agizo hilo hushughulikia objekti za muktadha wake tu. Kidhibiti, kwa kuwa kimo katika muktadha wa wavuti, hupewa nakala iliyo karibu nacho, ambayo haina usimamizi wa miamala. Alama ya @Transactional bado inasomeka juu ya mbinu ya kupokea ada, lakini haina kazi. Hatua ya kwanza ya malipo ikifaulu na ya pili ikishindwa, mfumo hautarudi nyuma: salio la mwanafunzi litapungua bila stakabadhi kuandikwa, au stakabadhi itaandikwa bila salio kupungua. Msomaji wa msimbo ataapa kwamba muamala upo, kwa sababu anauona umeandikwa. Suluhisho ni kila muktadha uchunguze pakiti zake tu, na liwepo jaribio linalosababisha kosa kwa makusudi ili kuthibitisha kwamba malipo nusu hayabaki.

6.0 Mpaka kati ya fomu na modeli

Kiunzi cha MVC hulinganisha majina ya vipengele vya fomu na majina ya sifa za objekti, kisha hujaza thamani. Iwapo kidhibiti cha kubadili anwani kinapokea klasi ya Mwanafunzi moja kwa moja, kiunzi hakijui kwamba fomu ilikusudiwa kwa anwani pekee. Mtumiaji mjanja anaweza kuongeza katika ombi lake kipengele kiitwacho salio chenye thamani ya sifuri. Kama klasi inaruhusu sifa hiyo kuwekwa, nayo itajazwa, na deni la ada litafutika kupitia ukurasa wa anwani.

Njia iliyo salama ni kuunda klasi mahususi ya fomu, yenye sifa zile tu ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzigusa. Kielelezo kifuatacho kinaonyesha kidhibiti cha namna hiyo.

Kielelezo 1: Kidhibiti cha kubadili anwani

@PostMapping("/wasifu/anwani")
public String badili(@Valid FomuYaAnwani fomu,
                     BindingResult uhakiki,
                     Principal mhusika) {
    if (uhakiki.hasErrors()) {
        return "hariri-anwani";
    }
    huduma.badiliAnwani(mhusika.getName(), fomu);
    return "redirect:/wasifu";
}

Mambo matatu katika kielelezo hiki yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, FomuYaAnwani haina salio, hivyo hakuna ombi linaloweza kulifikia. Pili, utambulisho wa mwanafunzi unatoka kwa mhusika aliyethibitishwa na seva, wala hautoki katika fomu; kwa hiyo mwanafunzi hawezi kubadili anwani ya mwingine kwa kuandika namba tofauti. Tatu, baada ya kuhifadhi, kivinjari huelekezwa kwenye ukurasa mwingine, ili kuonyesha upya ukurasa kusitume fomu mara ya pili.

Historia ya Spring yenyewe inafundisha uzito wa mpaka huu. Kila objekti ya Java ina njia ya kuifikia klasi yake, na mwaka 2010 ilibainika kwamba mshambuliaji angeweza kuitumia njia hiyo, kupitia majina ya vipengele vya fomu, kukifikia kipakiaji cha klasi. Marekebisho yaliyofanywa yalilizuia jina hilo mahususi. Java 9 ilipotoka mwaka 2017, klasi zilipata sifa mpya ya moduli, na kupitia moduli kipakiaji kilekile kiliweza kufikiwa kwa njia nyingine. Udhaifu huo ulitangazwa Machi 2022 kwa namba CVE-2022-22965. Katika programu zilizowekwa kama faili la WAR ndani ya Tomcat, ulimwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva. Funzo lake ni bayana: orodha ya vilivyokatazwa huchakaa kila lugha inapokua, ilhali orodha ya vilivyoruhusiwa hubaki na maana yake.

7.0 Kiunzi chenyewe kama sehemu ya mfumo

Uchaguzi wa toleo la kiunzi nao ni uamuzi wa usanidi. Tarehe 7 Machi 2017, Apache ilitangaza marekebisho ya udhaifu wa Struts 2 uliopewa namba CVE-2017-5638. Kichwa cha ombi kinachotaja aina ya maudhui kiliweza kubeba maelekezo ambayo seva iliyatekeleza. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuwa imerekebisha mojawapo ya mifumo yake, nayo ikaingiliwa kuanzia mwezi Mei mwaka huohuo. Tangazo la umma lilitolewa tarehe 7 Septemba 2017, na taarifa binafsi za watu takribani milioni 147 ziliguswa. Vidhibiti vya programu hiyo vingeweza kuwa vimeandikwa kwa ustadi wa juu kabisa na bado visisaidie, kwa kuwa ombi lilishambulia kabla ya kuvifikia.

Kwa sababu hiyo, ripoti ya mradi inapaswa kutaja kiunzi, toleo lake, na namna matoleo mapya yatakavyopokelewa. Toleo la 6.0 la Spring, lililotoka Novemba 2022, linahitaji angalau Java 17 na limehamia majina ya pakiti yanayoanza na jakarta badala ya javax. Mfumo ambao vidhibiti vyake vimejaa kanuni za ada na alama utaguswa kila mahali na badiliko hilo. Mfumo ambao kanuni zake zimo katika tabaka la huduma lisiloijua wavuti utaguswa kwa kiasi kidogo zaidi. Hapo ndipo thamani ya mgawanyo wa MVC hupimika kwa saa za kazi.

8.0 Maswali ya tathmini

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, makala inapendekeza maswali matano kwa mtahini au mtafiti anayesoma mradi wa aina hii:

(i) Je, ramani ya anwani zote na vidhibiti vyake inaweza kupatikana mahali pamoja, iwe katika faili au katika ripoti?

(ii) Je, kuna kidhibiti chochote kinachohifadhi hali ya mtumiaji ndani ya sifa zake?

(iii) Je, mpaka wa kila muamala umethibitishwa kwa jaribio la kushindwa, au umeandikwa tu?

(iv) Je, kila fomu ina orodha ya wazi ya sifa inazoruhusiwa kuzijaza?

(v) Je, ni maamuzi gani yamefanywa na kiunzi chenyewe, na mwandishi ameyataja na kuyatetea?

Swali la tano ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linamtaka mtahiniwa aeleze jambo ambalo hakuliandika. Hata hivyo, ndilo linalotofautisha aliyekielewa kiunzi na aliyenakili mfano ukakubali kuwaka.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba katika programu za wavuti za Java, mgawanyo wa Modeli, Mwonekano na Kidhibiti hautimizwi kwa kuzipa klasi majina hayo matatu. Hutimizwa pale usanidi unapolinda mipaka baina yake: huduma zinapoundwa mara moja na mahali pake, fomu zinapogusa sifa zilizoruhusiwa pekee, hifadhidata inapochaguliwa na msanifu badala ya kuchaguliwa kwa bahati, na kiunzi kinapotunzwa kama msimbo mwingine wowote wa mfumo. Katika mfano wa chuo kikuu, aliyekuwa hatarini katika kila kosa lililojadiliwa ni mwanafunzi: usajili wake, ada yake, matokeo yake na siri zake. Hivyo basi, usanidi unastahili kutoka katika viambatisho na kuingia katika sura ya usanifu, ambako utasomwa, kuhojiwa na kutetewa.